Mfanyakazi akipigiwa simu ya dharura ya nyumbani katikati ya kazi, mwajiri mdogo afanyeje?

Mchapaji:
Wakuu, salaam. Nina karakana ya uchapishaji, tuko watu saba nikiwemo mimi. Juzi mchana dada anayeshika mashine ya kukatia karatasi alipigiwa simu kwamba mwanawe ameanguka shuleni na hajitambui. Alinijia simu ikiwa bado mkononi, akasema "Bosi, mtoto..." akashindwa kuendelea. Nikamwambia aende, tutaongea baadaye. Hapo sikuwa na la kujiuliza.

Yanayonisumbua ni yaliyofuata. Mashine ile tunaijua yeye na mimi tu, na kulikuwa na oda ya vitabu iliyotakiwa kutoka kabla ya kufunga. Niliishika mwenyewe, oda ikatoka usiku. Halafu kijana mmoja asiye na mtoto akaniuliza kwa adabu kabisa: "Bosi, na sisi likitupata la nyumbani, ruhusa yetu ikoje?" Nikakosa la kumjibu, maana hatuna kanuni yoyote iliyoandikwa.

Sina ofisa utumishi wala mwanasheria. Nataka utaratibu wa karatasi moja, kila mtu ausome na kuuelewa. Aliyeondoka nimlipe siku ile nzima? Nidai cheti cha hospitali? Niweke idadi ya siku? Na simu je? Tumezikataza karibu na mashine kwa ajili ya usalama. Sasa kukiwa na jambo nyumbani, mtu atapatikana vipi?

Kaunta:
Mkuu, nina wafanyakazi watatu tu, kwa hiyo akitoka mmoja naona pengo lake papo hapo. Ushauri wangu: weka idadi ya siku kwa mwaka, zikiisha anayetoka anakatwa. Si ukatili. Ruhusa isiyo na mpaka humwangukia anayebaki, na huyo naye ana kwao. Akibebeshwa kazi ya mwenzake mara kwa mara bila hata kuulizwa, siku moja atakuachia funguo.

Bi Zamu:
Kaka Mchapaji, nimesimamia zamu kwenye karakana ya ushonaji kwa miaka mingi, na suala hili naliona ndilo linalopima kama mahali pa kazi pana utu. Kumruhusu kwanza na kuongea baadaye ndiko kunakofaa, na ningeanza karatasi yako na hilo hilo: mtu akisema ana dharura ya nyumbani, anaondoka. Hahojiwi mlangoni. Aliyepata habari mbaya hana nguvu ya kujenga hoja, na wewe huna namna ya kujua, ukiwa umesimama karakanani, kama mtoto ana jeraha dogo au anapoteza maisha. Wanaojua kujieleza wasipate ruhusa haraka kuliko wanaokwamwa na maneno.

Tena kwako kuna jambo la usalama. Mtu mwenye hofu kichwani hafai kuachwa kwenye mashine ya kukata, hata dakika kumi za kumalizia rundo. Azime, aondoke. Akiondoka bila kuzima, ni juu ya aliye karibu kuzima. Hilo nalo liandikwe.

Kuhusu simu, usilegeze katazo, lakini toa namba moja ya karakana. Kila mfanyakazi awape hiyo namba shule, jirani, na yeyote anayemwangalia mgonjwa wake. Pawe na mtu mmoja anayejulikana wa kuipokea, na akiwa nje apokee mwingine. Sharti lake ni kwamba ujumbe wa dharura unapelekwa sasa hivi, kwa mhusika mwenyewe, pembeni. Mahali fulani nilipofanya kazi zamani, msimamizi alipokea simu asubuhi kwamba baba wa mwenzetu amezidiwa, akaona asubiri mapumziko ya mchana ili kazi isikatike. Mwenzetu alifika mzee ameshafariki. Siwezi kusema angemkuta hai, ila najua hakuwahi kuusamehe ule mchana, na sisi tuliobaki hatukumwamini tena msimamizi yule kwa lolote.

Sasa swali la yule kijana. Ni swali la haki, usilipuuze. Usiandike "mtoto" kwenye karatasi yako, andika "anayekutegemea". Sheria ya Uingereza inafanya hivyo: tangu 1999 mfanyakazi, hata wa siku ya kwanza kazini, ana haki ya kutoka kushughulikia dharura ya mtu anayemtegemea, na katika wanaohesabiwa yumo mzazi, mwenza, hata mtu mnayeishi naye nyumba moja. Haikutaja idadi ya siku, imesema muda unaofaa tu, na haimlazimishi mwajiri kulipa. Na haiangalii ukubwa wa mwajiri. Marekani wao, sheria yao ya 1993 ya likizo ya familia inawagusa waajiri binafsi wenye wafanyakazi 50 au zaidi, kwa hiyo karakana kama yako ingebaki nje kabisa. Soma sheria ya kazi ya nchi yako kabla hujaandika chochote, maana karatasi yako inaweza kuongeza juu ya sheria, haiwezi kupunguza.

Kinachonivutia kwenye utaratibu wa Waingereza ni kwamba muda ule ni wa kuzima moto: kumfikisha mtu hospitali, kutafuta wa kumwangalia, kuongea na shule. Kuuguza kwa wiki mbili ni jambo lingine, kunapangwa kwa likizo au ruhusa ya kawaida. Ukitenganisha haya mawili, hofu ya ndugu Kaunta inapungua sana. Ile siku ya simu mlipe yote. Ni saa chache, na kuzikata kunakugharimu imani kubwa kuliko hizo fedha. Kuanzia kesho yake mnakaa mnapanga: anahitaji siku ngapi, zipi zinatoka kwenye likizo, zipi hazilipwi. Kwenye siku hizo za kupangwa ndipo idadi inapokaa vizuri. Afrika Kusini, kwa mfano, sheria inatoa siku 3 za malipo kwa mwaka kwa majukumu ya familia, kwa aliyevuka miezi minne kazini.

Cheti kisidaiwe siku ile. Kama atakosekana kwa siku kadhaa, mwombe baadaye, kwa upole, na ukiombe kwa kila mtu. Na sababu yake ibaki kati yenu wawili. Wenzake wanahitaji kujua kwamba hayupo na nani anashika nafasi yake, basi.

Mwuguzaji wa Nyumbani:
Naongea kama mwajiriwa. Mama yangu ana kifafa. Simu zinakuja bila mpangilio, na mwajiri wangu wa kwanza alizihesabu kila moja kama dharura mpya, akaniambia nimezidisha. Wa sasa aliniita tukiwa watulivu, akaniuliza: ni saa zipi huwa mbaya zaidi? Tukahamisha zamu yangu, na dada yangu akawa anashika asubuhi. Naitwa mara chache sana sasa.

Kwa hiyo ongeza mstari mmoja: jambo likijirudia, mnakaa kupanga upya saa za kazi, kabla ya kufikia maonyo. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani namba 156 wa 1981 unasema wazi kwamba majukumu ya familia peke yake si sababu halali ya kumwachisha mtu kazi. Wengi wetu hatufukuzwi moja kwa moja. Tunanuniwa mpaka tunaondoka wenyewe.

Na Kaunta ana hoja kuhusu wanaobaki. Mwenzangu anayenishikia alikuwa halipwi muda wa ziada. Alipoanza kulipwa, ananiambia "nenda" kabla sijafungua mdomo.

Kaunta:
Bi Zamu, nakubali mgawanyo wa siku ya simu na siku za kupanga. Kwa watu watatu hilo naliweza. Ila bado sijaona nani atashika kazi kama anayeijua ni mmoja.

Bi Zamu:
Hapo hakuna njia ya mkato, Kaunta. Kila kazi iwe na mtu wa pili anayeiweza, hata kwa mwendo wa polepole. Sisi tulitenga saa moja kila wiki, kazi zikiwa chache, fundi anamfundisha mwenzake mashine yake. Na pasipowezekana kabisa, kama mashine inahitaji mtu aliyefunzwa, basi inasimama. Asipewe asiyeijua eti oda itoke.

Mchapaji:
Nashukuru sana. Mtoto amezinduka, yuko chini ya uangalizi, na mama yake nimemwambia asifikirie kazi mpaka tuongee kesho. Siku ile nitamlipa nzima. Yule kijana nimemwomba ajifunze mashine ya kukata, akafurahi, na muda wa ziada wa kumshikia mwenzake utalipwa na kuandikwa. Namba ya karakana naibandika mlangoni.

Limebaki moja: mteja. Ile oda ilitoka usiku, lakini ipo siku haitatoka. Nimwambie nini?

Bi Zamu:
Mpigie mapema, mara tu unapoona haitawahi. Mwambie mtu wa mashine hiyo amepata dharura, kazi itatoka saa fulani, na ukitaja saa hiyo iwe ya kweli. Usimtaje jina wala usimweleze habari za mtoto. Kama ni kazi isiyoweza kusubiri, kama programu ya mazishi, uwe umeshaongea na mchapaji mwenzako wa karibu muwe mnasaidiana. Mtafute wiki hii, kabla hujamhitaji.