Gemu ya katuni kwa mtoto wa miaka mitano: Bluey, PAW Patrol, SpongeBob au Cuphead?

MamaZuu
Habari zenu wazazi. Mjomba wao katuachia PS4 yake, ile mashine ya gemu ya kwenye TV, na sasa binti yangu wa miaka mitano na kaka yake wa minane hawalali. Nimezunguka Kariakoo nikarudi na majina manne: Bluey, PAW Patrol World, SpongeBob (Battle for Bikini Bottom iliyotengenezwa upya) na Cuphead. Muuzaji anasema zote za watoto, "si katuni hizo, mama?" Hela yangu inatosha moja. Nichukue ipi?

BabaWawili
Huyo muuzaji mwache. Mimi niliuziwa South Park: The Stick of Truth kwa maneno hayo hayo. Vitoto vya kuchora, vichwa duara, nikajua salama. Hazikupita dakika kumi nikachomoa waya wa TV. Ndipo nikaona kwenye kasha 18 nyekundu, imekaa pale muda wote. Angalia namba kwanza: 3 na 7 ni kijani, 12 na 16 chungwa, 18 nyekundu. CD za Marekani zina herufi: E ya wote, E10+ kuanzia miaka kumi, T vijana, M kuanzia 17.

FundiPedi
Namba sawa, ila PEGI, wale wa Ulaya wanaoziweka, wanapima yaliyomo: damu, matusi, kamari, vitisho. Ugumu hawaupimi kabisa. Cuphead ina 7, na hapa kibandani kwangu imewaliza watu wazima. Imechorwa kwa mkono kama katuni za miaka ya 1930, inapendeza mno, lakini ni kupambana na majitu, risasi kila upande. Ukiguswa mara tatu umekwisha, anza upya. Wa mitano atarusha pedi, kile kidude cha kuchezea mkononi. Wa minane pia, sema yeye atajikaza siku mbili.

MwanaPwani
Na hadithi yake je? Vikombe viwili vinacheza kamari kwenye kasino ya shetani, vinashindwa, kisha vinatumwa kukusanya roho za wadaiwa wengine. Sikuwa na nguvu za kumweleza mwanangu hayo akitoka madrasa.

FundiPedi
😂 Kweli. SpongeBob ya 2020 (ya awali ilitoka 2003) mpe kaka. Unapiga maroboti, unaruka mashimo, unatafuta miiko 100 ya dhahabu, na hadithi ni ya mchezaji mmoja. Shida ni kamera: dole gumba la kushoto linatembeza, la kulia linageuza unakotazama ndani ya gemu. Wadogo hukwama hapo. Mpe binti pedi leo, umwangalie. Akitazama vidole badala ya TV, bado.

MamaPacha
Bluey tunayo. Wanacheza hadi wanne kwenye TV moja, hakuna kufa. Ule mchezo wa puto lisiguse chini wanaurudia kila siku, na baba yao naye. Ila ni fupi jamani! Vipindi vinne tu, tuliimaliza mchana mmoja kabla wali haujaiva, na nilikuwa nimenunua mpya. Tafuta iliyotumika.
PAW Patrol World wanacheza wawili, unazunguka mji na mbwa wako unaokoa watu. Wangu Kiingereza hawasomi, wanaenda kwa picha. Usichanganye na Grand Prix ya 2022, ile ni ya mbio za magari.

Kijana_wa_Bando
Kwani simu zimefanya nini? Gemu za katuni za bure zimejaa.

MwanaPwani
Bure yenye tangazo kila baada ya raundi. Wangu alibonyeza moja, mara hii anadai nimlipie sarafu za dhahabu, na bando limekwisha.

MamaZuu
Nimerudi. Nimempa pedi: macho kwenye vidole mwanzo mwisho! Kaka yake anamnyang'anya kila sekunde, kwa hiyo lazima iwe ya wawili. Kesho nafuata PAW Patrol World iliyotumika, SpongeBob kaka atasubiri sikukuu. BabaWawili, hiyo South Park uliirudisha?

BabaWawili
Muuzaji aligoma kuipokea. Ipo juu ya kabati, ndani ya hotipoti lililovunjika mfuniko. Mama yao hajui.