Chumba kwenye nyumba ya zamani Kyoto: kinakalika?

Mgeni_Aprili:
Wakuu, habari. Aprili naenda Kyoto kusoma. Nimepata vyumba viwili, kodi inakaribiana: kimoja cha kisasa ghorofani, kingine kwenye machiya, nyumba ya zamani ya mbao. Hiki cha pili hakina kitanda, ni mikeka mitupu. Kinakalika, au ni kizuri kwenye picha tu?

BintiMzizima:
Ndugu yangu, kinakalika. Mimi nimekaa machiya miaka mitatu. Mbele ni nyembamba, lakini ukiingia inakwenda tu nyuma; wenyewe huiita kitanda cha mkunga, yule samaki mrefu.

Chumba changu kilikuwa cha mikeka sita, maana ndivyo wanavyopima. Mkeka mmoja, yaani tatami, kwa Kyoto ni kama sentimita 190 kwa 95. Asubuhi nakunja godoro, nalisukumia kwenye kabati la ukutani, chumba kizima kinabaki cha kusomea. Wakija wageni tunanyanyua fusuma, milango ya kuteleza, kutoka kwenye mifereji yake, vyumba viwili vinakuwa kimoja.

Nilichokipenda kuliko vyote ni kile kibustani cha katikati, tsuboniwa, kidogo kama mikeka miwili. Agosti Kyoto ina joto la kunata. Jioni bibi mwenye nyumba alikuwa akimwagia mawe maji, anafungua mbele na nyuma, upepo unapita nyumba nzima. Nilikaa pale ukingoni mpaka giza linaingia. Napakumbuka sana mahali pale.

Mrefu188:
Dada, mwambie na Januari. Kuta nyembamba, madirisha ya karatasi! Tena vizingiti vya juu viko kama sentimita 175. Mimi paji la uso linajua.

BintiMzizima:
Kweli kaka, baridi ipo. Zilijengwa kwa kulenga kiangazi. Sakafu imeinuliwa, na upepo wa chini uliokufaa Agosti ndio unaokuchoma miguu Januari. Sisi tulihamia kwenye kotatsu, meza fupi yenye hita chini na blanketi nene juu.

Mgeni, zaidi ya baridi ogopa unyevu. Msimu wa mvua wa Juni niliacha godoro mkekani wiki nzima, nikakuta ukungu chini yake. Likunje kila siku, lianike jua likitoka. Na kabla ya kusaini, nusa mikeka: mipya ni ya kijani na inanukia majani makavu.

Mgeni_Aprili:
Asante dada. Nina sentimita 168, vizingiti si tatizo. Kesho nawaandikia niulize mikeka ilibadilishwa lini.