Krump Nairobi: studio, ukumbi wa mtaa au uwanjani?

Nyayo_za_Umoja

Hamjambo wapenzi wa densi. Naishi Umoja na kazi yangu iko Industrial Area. Natoka saa kumi na moja jioni, Jumamosi saa saba mchana. Nimekulia kwenye densi ya kanisani, na sasa moyo wangu wote umehamia krump, ile densi ya mitaani ya kupiga kifua, kurusha mikono na kupiga mguu chini. Nafanya mazoezi chumbani kwa kufuata video, ila ghorofa ni ghorofa: ukipiga mguu chini, anayeishi chini yako anaupokea kichwani. Na video haiwezi kukuambia bega lako limepanda.

Nafikiria njia nne. Studio za kulipia za Westlands au Kilimani. Sarakasi Dome pale Ngara. Ukumbi mmojawapo wa kaunti huku Jogoo Road, tukikodi na wenzangu. Ama nijiunge na vijana wanaokutana nje wikendi. Aliyepitia anilinganishie tafadhali. Mimi ni msichana, kwa hivyo njia ya kurudi nyumbani usiku naihesabu kama sehemu ya bei.

kifua_mbele

Karibu sana dada. Kabla ya nauli na ada, mimi ningeuliza swali moja: hapo mahali watu husimama duara na kuingia mmoja mmoja, au husimama mistari wakitazama kioo?

Nauliza hivyo kwa sababu ya asili ya densi yenyewe. Krump ilianzia Los Angeles, South Central, mwanzoni mwa miaka ya 2000. Tight Eyez na Big Mijo walikuwa wametoka kwenye densi ya Tommy the Clown, yule aliyeanza mwaka 1992 kuchezea watoto kwenye sherehe zao za kuzaliwa akiwa amepaka uso rangi. Hawa vijana wakataka kitu kizito zaidi, chenye hasira na sala ndani yake, na wakakijengea nje, kwenye nyua na maegesho ya magari. Kujifunza kulikuwa ni kuingia duarani, wenzako wanakupigia kelele za kukutia moyo, ukitoka mkubwa wako anakuvuta pembeni na kukuonyesha pale ulipolegea. Hadi leo duniani kote ndivyo wanavyofundishana. Mkubwa anachukua mdogo, anamlea, hata jina la densi la mdogo mara nyingi hutokana na la mkubwa wake, likiongezwa Junior au Lil.

Sasa chukua kupiga kifua. Wengi wanaojifunza kwa video huinua mabega na kudhani ni kifua. Kifua kinatakiwa kitoke mbele peke yake, pumzi ikikatwa fupi, mabega yakibaki chini, kisha kirudi ndani kabla ya mdundo unaofuata. Mtu akikuwekea viganja mabegani ukiwa unapiga, utajua palepale kama unadanganya. Mikono vilevile: nguvu inaanzia begani na mkono unarushwa wote, lakini uzuri uko pale unapousimamisha ghafla. Hilo linahitaji jicho la mtu aliye mbele yako.

Studio zina faida za kweli. Sakafu nzuri, spika ya maana, choo safi, mlango unaofungwa, na mwalimu wa hip hop akiwa mzuri atakupa udhibiti wa mwili na sikio la mdundo. Tatizo ni kwamba darasa la saa moja huishia watu wote wakifanya mpangilio mmoja kwa hesabu ya nane. Krump ni fristaili karibu yote, yaani unabuni papo hapo bila mpangilio. Unaweza kulipa miezi mingi na usiwahi kusimama peke yako katikati ya watu. Kama una pesa ya madarasa machache tu, yatumie kujenga msingi, halafu ukatafute duara. Na kutoka kazini kwako hadi Westlands ni matatu mbili kwenda, mbili kurudi, jioni ya foleni. Kwa siku za kazi mimi ningeiondoa kabisa.

Goti_Imara

Kazi yangu ni viungo, natibu wanasoka na wacheza densi, na naomba mjadala huu usisahau sakafu. Kupiga mguu chini ndiyo pumzi ya krump, na kila pigo linarudi juu kupitia muundi, goti na nyonga. Saruji hairudishi chochote isipokuwa maumivu. Sakafu ya mbao iliyoinuliwa juu ya boriti hubonyea kidogo na kumeza sehemu ya pigo. Ukiikanyaga kwa nguvu inaitika kwa sauti ya ndani kama ngoma. Mbao zilizobandikwa moja kwa moja juu ya saruji hutoa sauti kavu, fupi. Ufanye jaribio hilo kabla ya kulipa popote. Zulia juu ya saruji linadanganya macho tu. Nyasi za bustani nazo zina mashimo yasiyoonekana, na mguu unaotua kwa kishindo ndani ya shimo ni kifundo kimekwenda.

Kama huna budi kucheza kwenye saruji, kunja magoti kila unapotua, utue kwa wayo mzima wala si kisigino peke yake, na sehemu kubwa ya mazoezi iwe kifua na mikono. Ukianza kusikia maumivu mbele ya muundi yanayobaki hata asubuhi, pumzika. Usiyavumilie eti ndiyo nguvu ya densi.

Raba za mtumba za soko la Gikomba zinafaa kabisa ukichagua kwa makini. Weka kiatu juu ya meza na ukitazame kwa nyuma. Kikiegemea upande mmoja, kiache, kimeshafuata mguu wa mtu mwingine.

Ngara_Juu

Nimefanya mazoezi Ngara muda mrefu, kwa hivyo naongea kwa upendo wa mahali pale. Sarakasi Dome ilikuwa sinema, wazee wanaikumbuka kama Shan. Dari lake ni refu, na wanaoingia humo ni wanasarakasi na wacheza densi wanaofanya hii kazi kila siku. Kwa anayeanza, kuona tu jinsi watu wale wanavyopasha mwili moto kabla ya kugusa muziki ni somo. Ila usiende ukitarajia kukuta bango la krump mlangoni. Piga simu kwanza, maana ni ukumbi wa maonyesho pia, na siku ya shughuli hamna nafasi. Ukifika, uliza nani anafundisha hip hop na densi za mitaani. Wacheza densi wa Nairobi wanajuana, mmoja atakupeleka kwa mwingine.

Kwa usafiri, ukishafika mjini unaweza kutembea kutoka Odeon hadi Ngara mchana bila shida. Jioni panda matatu, hata kama ni karibu.

Umesahau mahali pamoja: Kenya National Theatre, mkabala na hoteli ya Norfolk. Tangu 1952 wasanii wa jukwaani wanapita pale, na Kenya Cultural Centre ina vyumba vya mazoezi vya kukodi. Mkiwa kikundi mkagawana gharama, ni mahali pa heshima na ni katikati ya mji.

Mkayole_Asili

Na mimi nitetee Eastlands. Kifua_mbele, nakuheshimu kaka, lakini sikubaliani kwamba lazima umkute mkubwa tayari. Sisi kikundi chetu kilianza na simu moja na spika ya bluetooth. Tulikuwa tunarekodi kila mmoja akiingia, tunatazama pamoja, tunabishana hadi tunaelewana. Anayejua zaidi kidogo kuliko wenzake siku hiyo ndiye mkubwa wa siku hiyo. Duara si lazima ulitafute mbali, watu wanne wanatosha.

Kuhusu kumbi za kaunti, huu ndio ukweli wake. Ni karibu na nyumbani, ni kubwa, na mkigawana ni nafuu kuliko kitu kingine chochote ulichotaja. Kaloleni kwa mfano, kutoka Umoja unashuka City Stadium na kuingia ndani kidogo. Lakini Jumapili asubuhi kumbi nyingi zina makanisa, na Jumamosi huwezi kushindana na harusi. Mkipewa nafasi, iandikwe, mlipie kwa njia rasmi na mpewe risiti. Tuliwahi kulipia ukumbi mmoja kwa mdomo, tukafika tukakuta kamati ya mazishi imeketi, na hatungeweza kuwafukuza waliofiwa. Tangu siku hiyo bila risiti hatuhami nyumbani.

Sakafu ni saruji, hilo daktari amesema kweli. Tulichofanya ni kutafuta mikeka ya mpira ya mtumba, ile ya kushikana vipande vipande, tunaitandaza katikati pale duara linapokaa. Haijawa mbao, lakini magoti yameshukuru.

Kitu kingine: watoto wa mtaa watajaa madirishani. Waingizeni. Wapeni dakika kumi za mwisho wacheze wao. Mama zao wakijua mnachofanya, hakuna atakayelalamikia kelele, na siku ukichelewa kutoka kuna mtu wa kukusindikiza hadi stendi.

Baba_Wawili

Samahani kuingilia, mimi si mchezaji. Mwanangu wa kidato cha pili ameanza hiyo krump na nilipomwona uwanjani nilishtuka. Uso umekunjwa, wanasukumana vifua, kelele. Je, haiishii ngumi?

kifua_mbele

Mzee, swali lako ni la haki. Uso ule ni sehemu ya densi. Mtu anatoa kilicho ndani mbele ya wenzake, na wenzake wanamsogelea ili asikitoe peke yake. Walioianzisha walikuwa wakikua kwenye mitaa yenye magenge, na densi hii ilikuwa njia yao ya kukaa nje ya magenge. Kugusana kupo, ila kuna mipaka, na mtu akiinua ngumi ya kweli duara linasimama. Utafute siku ukae uone kuanzia mwanzo hadi mwisho. Utaona wale wawili waliokaribiana pua kwa pua wakikumbatiana.

Ukihitaji kumweleza shangazi yake kwamba si uhuni, mwambie kwamba mwaka 2019 wacheza krump walipanda jukwaa la Opéra Bastille mjini Paris, ndani ya opera ya Rameau ya karne ya 18, Les Indes galantes, wakiongozwa na mpangaji densi Bintou Dembélé.

Baba_Wawili

Nimeelewa, asante. Nitakwenda Jumamosi.

Sauti_ya_Visigino

Nyayo, naandika kama dada. Hakuna aliyegusa bustani na viwanja, na kwa sisi wasichana hapo ndipo pa kuangalia sana. Jeevanjee na Uhuru Park ni bure, na Jumapili mchana kuna watu wengi, jambo ambalo ni ulinzi wenyewe. Lakini kikundi chenye spika kubwa bila kibali kitasimamishwa na kanjo, askari wa kaunti, na giza likiingia usibaki. Mimi huko huenda kuonyesha na kukutana na watu. Kujifunza najifunzia ndani.

Popote utakapochagua, nenda mara ya kwanza na rafiki, ukae pembeni utazame. Angalia kama kuna wasichana wengine, na kama wanapewa zamu ndefu sawa na wavulana. Angalia mkubwa wa kikundi anapomgusa mtu kumrekebisha, je, anauliza kwanza? Anayedai ada ya kuandikishwa kabla hujaona hata sesheni moja, mwache. Na anayekwambia kwamba ukishakuwa wa familia yake huruhusiwi kufanya mazoezi na wengine, mwache haraka zaidi.

Nyayo_za_Umoja

Nawashukuru kwa moyo wote. Nimeamua hivi. Jumamosi hii nikitoka kazini naenda Ngara na rafiki yangu kuuliza, kukiwa bado mchana. Tupo wanne tunaopenda krump huku Umoja, kwa hivyo wiki ijayo tutaulizia ukumbi wa Jogoo Road alasiri ya Jumapili, makanisa yakishatoka, na tutadai risiti. Studio nitaiweka akiba, nikipata pesa ya ziada nichukue madarasa machache ya msingi.

Mkayole_Asili, hiyo mikeka mliipata wapi?

Mkayole_Asili

Gikomba, upande wa vifaa vya watoto. Nenda asubuhi na mapema siku ya kufungua robota, na uhesabu vipande vyote kabla ya kulipa, maana vya pembeni hupotea. Mkiwa tayari Jumapili niambie, nitakuja na wawili wa kwetu, duara lisiwe dogo sana.