Bosi kaamuru msaada wa programu ukatwe vipande saba, eti "umekuwa mkubwa"

Wakuu, leo nimevimba, mtanisamehe lugha.

Niko Tanga, kampuni siitaji. Tunauza mfumo wa kompyuta kwa maduka na vikundi vya mikopo, wateja wako hapa mjini, Muheza, Korogwe hadi Lushoto. Kazi yangu ni kuandika ule msaada unaotokea mtu akibonyeza F1. Ni faili ya CHM, kitu cha Microsoft cha tangu 1997. Kuna wajuaji watakuja hapa kuniambia "hamia mtandaoni". Kamlipieni kwanza mteja wangu wa Lushoto bando.

Sasa bosi katoka kikaoni na amri: mradi wa msaada ni mkubwa, ukatwe vipande saba. Kwa nini saba? Kwa sababu menyu za programu ziko saba. Ndiyo hesabu nzima hiyo!

Nikamuuliza kwa adabu zote, "Bosi, ukubwa unamsumbua nani?" Akasema waandishi mnagongana. Kweli tunagongana, ila si kwenye kurasa. Tunagongana kwenye faili mbili, ile ya .hhc inayobeba yaliyomo na ile ya .hhk inayobeba faharasa, maana kila anayeongeza mada lazima aziguse. Si umpe mtu mmoja azishike, sisi wengine tumpelekee majina ya mada? Kuukata mradi mzima kwa hilo ni kuchoma nyumba kisa kunguni.

Na gharama hajaiuliza. Leo ukurasa wa mikopo unaenda ukurasa wa risiti kwa jina la faili tu, risiti.htm, basi. Mkishagawa, linki hiyo hiyo inabidi iandikwe ms-its:mauzo.chm::/risiti.htm, na CHM zote zikae kabrasha moja. Fundi akinakili sita akasahau moja, mteja anabonyeza anakuta ukurasa haupo. Simu ya matusi inapokelewa na nani? Mimi hapa.

F1 yenyewe je? Kila dirisha lina namba yake, na programu inaita namba hiyo ndani ya faili iliyotajwa kwenye kodi ya programu. Zikiwa saba, kila mwito ukaguliwe utaje faili sahihi. Nimewauliza vijana wanaoandika programu, wakacheka. Hakuna aliyewaambia kitu.

Bado maelezo ya kubadili nywila, ambayo kila kipande kitayataka. Nakala saba, halafu skrini ibadilike.

Msinielewe vibaya, sipingi kugawa. Sehemu ya mishahara ikatwe hata kesho: inauzwa peke yake, matoleo yake yana ratiba yake, na anayeisoma ni mhasibu ambaye hana haja na kaunta. Lakini mauzo na stoo? Muuza duka wa Barabara ya 12 pale Ngamiani anauza na mzigo unapungua stoo hapo hapo, hajui wala hajali kwamba sisi tumeziita menyu mbili. Akitafuta "kurudisha mzigo" anataka majibu ya pande zote mbili. Ukimfungulia kipande kimoja, utafutaji unaishia humo humo.

Najua kuna mradi mama, yaani CHM moja kuu inayozibeba nyingine kama watoto. Unaunganisha yaliyomo, faharasa na utafutaji vionekane kitu kimoja, na unafanya kazi vizuri, ila mtu aingie kupitia faili mama. F1 ikimtupa moja kwa moja kwenye kipande, hayo yote hayaoni. Bosi nilipofika hapo akaanza kuangalia simu yake.

Kazi inaanza Jumatatu. Mwenye mradi mama wenye watoto wengi anijibu mawili: F1 mliielekeza kwa mama au kwa mtoto? Na mtoto mmoja akibadilishiwa yaliyomo, mlilazimika kutengeneza upya na faili ya mama, au ya mtoto ilitosha? Njooni na majibu, pole zenu wekeni kwanza.