Mjadala: Watoto wapelekwe makumbusho kusoma historia, au vitu vya historia viletwe darasani?

MLETA MADA

Habari zenu wakuu. Nafundisha historia sekondari, huu mwaka wa kumi na moja, na kuna jambo limenikaa rohoni muda mrefu nimeona bora nilitoe tulijadili kwa uwazi.

Tangu lije somo la Historia ya Tanzania na Maadili kwenye mtaala mpya, kila kikao lazima mtu asimame aseme watoto wapelekwe makumbusho. Siligombi hilo. Ila msimamo wangu ni kwamba ile safari ya basi tunayoifanya sasa haifundishi historia, na tusichangishe tena mzazi hata mia mpaka tujue mtoto akifika anaenda kufanya nini. Bora kitu kimoja, mada moja, mtoto akishike akichunguze.

Niwape mfano wangu. Mwaka juzi tulipeleka watoto kwenye makumbusho moja, mabasi mawili, watoto zaidi ya mia, tumetoka alfajiri tumefika saa tano na jua limeshawaka. Wakapangwa foleni, muongozaji yuko mbele anaongea wanasikia kumi wa kwanza, wa nyuma wanachosikia ni msiguse, sogeeni, sogeeni. Dakika hamsini tumeshatoka zama za mawe tumefika uhuru. Jumatatu nikauliza darasani jamani mliona nini, wengi wakasema bahari. Ndo mara yao ya kwanza kuiona bahari, siwalaumu hata kidogo, ila wazazi walichanga hela ya somo la historia.

Sasa sikieni kilichotokea muhula uliofuata. Kuna bibi jirani yangu alinionyesha sarafu aliyoachiwa na mama mkwe wake, alikuwa kaifunga kwenye pindo la kanga miaka yote hiyo. Ya shaba, ndogo kuliko kizibo cha soda, upande mmoja taji na maneno Deutsch Ostafrika na mwaka 1905, upande wa pili 1 Heller katikati ya majani. Nikamuomba aniazime siku moja, nikaenda nayo kidato cha pili nimeifunga kwenye leso. Kila dawati dakika mbili, na sharti ni moja tu, usiniambie unachokijua, niambie unachokiona. Mmoja akasema imelika upande mmoja, mwingine akasema ina kofia ya mfalme, ikafika kwa binti mmoja wa nyuma ambaye huwa haongei kabisa, akawa anasoma taratibu kwa kidole, he, lle, r, mara akapaza sauti, mwalimu hii si ni hela! Darasa zima likasimama. Neno wanalolitaja kila asubuhi wakiomba hela ya daftari, hilo hapo kwenye shaba ya Mjerumani.

Tukaanza hesabu. Rupia moja ilikuwa heller 100. Kodi aliyoiweka Mjerumani mwaka huohuo wa 1905 ilikuwa rupia 3 kwa mwaka, kwa hiyo vipande mia tatu kama kile. Kijana mmoja akauliza, sasa mtu wa kijijini anavitoa wapi? Basi mimi nilichokuwa nakitafuta ni hicho. Ukianza kulijibu swali hilo umeshaingia kwenye mashamba ya pamba ya kulazimishwa, umeshafika Umatumbi Julai 1905, vita vya Majimaji vinaanza, watu wanang'oa pamba, umeshamkuta yule mganga Kinjikitile Ngwale pale Ngarambe anagawa maji ya dawa ya kuzuia risasi. Sikuandika kitu ubaoni siku hiyo mpaka kengele ikalia.

Naombeni maoni, hasa walimu wenzangu na wazazi. Tuendelee na mabasi au tubadilishe?

MWALIMU, KASULU

Mwalimu mwenzangu hongera kwa sarafu, ila hebu tuongee uhalisia. Mimi darasa langu lina watoto 118. Dakika mbili kwa kila dawati ni vipindi vitatu, na silabasi inanisubiri, na mwisho wa siku mtihani wa taifa wa NECTA hautamuuliza mtoto uliona nini kwenye sarafu, utamuuliza taja sababu za vita vya Majimaji. Mtoto akifeli mzazi anakuja kwangu sio kwa bibi mwenye sarafu.

Na hilo la safari mimi ningeongeza jambo moja hamjalisema. Zile safari za kuchangisha zinawagawa watoto. Wanaolipa wanapanda basi, wasiolipa wanabaki kufagia uwanja, halafu kesho yake wenzao wanasimulia. Nimeshaona mtoto analia nyuma ya choo siku basi linaondoka. Kwa hiyo kama ni kura yangu, safari zife kabisa, ila sarafu yako nayo haitanifikia huku Kasulu.

MZAZI, SONGEA

Nasoma hapa nasikitika maana sisi kwetu makumbusho yapo mlangoni. Makumbusho ya Majimaji watoto wa shule za hapa wanaenda kwa miguu, kila Februari tunakumbuka wazee wetu walionyongwa na Wajerumani 1906, kaburi la pamoja lipo palepale na Nduna Songea Mbano, jemadari wa Wangoni, kazikwa pembeni peke yake. Basi wala haihitajiki. Lakini mwanangu wa darasa la sita nilimuuliza kwa nini Nduna Songea ana kaburi lake, akaniambia kwa sababu ni mkubwa. Ikabidi nimkalishe chini nimwambie, kichwa chake tunaamini kilikatwa kikapelekwa Ujerumani mpaka leo hatujui kiko wapi, na kwamba Novemba 2023 Rais wa Ujerumani Steinmeier alikuja hapahapa akaomba radhi na kuahidi kusaidia kukitafuta. Mtoto hakula vizuri usiku ule. Lakini tangu siku hiyo akipita pale anasimama.

Kwa hiyo mleta mada hoja yako naiunga mkono kwa upande mmoja tu. Kuwa karibu na kitu peke yake hakutoshi, lazima awepo mtu wa kumuuliza mtoto swali. Ila usiseme mabasi yafe, kuna kitu cha kusimama pale penyewe ambacho huwezi kukifunga kwenye leso.

MUONGOZA WAGENI

Mimi niko upande wa pili wa hiyo foleni, nafanya kazi ya kuongoza wageni makumbusho, sitataja wapi. Inaniuma kusoma hayo ila mengi ni kweli. Lakini na nyie walimu mjiangalie. Simu inapigwa asubuhi, tunakuja na watoto 200 saa nne. Mkifika, mwalimu anakabidhi watoto anakwenda kukaa chini ya mwembe. Sasa mimi mtu mmoja na watoto 200 unategemea nini zaidi ya msiguse?

Mwalimu akinipigia wiki mbili kabla akaniambia darasa langu tunasoma biashara ya pwani, mimi namuandalia vitu vitano tu: ushanga, kauri, kipande cha chungu cha China, mfano wa pembe na picha ya sarafu ya shaba ya Kilwa. Hizo sarafu za masultani wa Kilwa moja imeokotwa Great Zimbabwe, nyingine zimeokotwa visiwa vya Wessel kaskazini mwa Australia. Ukimpa mtoto ramani na uzi ukamwambia iunganishe hiyo safari, anakaa nusu saa hajainua kichwa. Watoto thelathini kwa zamu, sio mia mbili. Nimefanya hivyo mara chache na nilitoka kazini nina furaha.

Ila kuhusu kushika vitu halisi, hapana. Jasho la mikono linaiharibu shaba, na kitu kikipotea ndo kimepotea. Tutengeneze nakala.

MKAAJI WA BERLIN

Naomba niongeze sauti kutoka huku. Pale Museum für Naturkunde, makumbusho yao ya viumbe, kuna mifupa ya yule mjusi mkubwa wa kale (dinosaria) wa Tendaguru, Lindi, kasimama zaidi ya mita 13 kwenda juu. Mifupa ile ilichimbwa kati ya 1909 na 1913, tani zaidi ya 200, wazee wetu waliibeba kichwani na mabegani siku kadhaa kwa mguu mpaka bandari ya Lindi, na msimamizi wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani, mtu wetu. Nilimpeleka mwanangu ana miaka tisa. Tukakuta darasa la watoto wa Kijerumani wamekaa sakafuni chini ya miguu ya mjusi, kila mmoja ana karatasi na penseli, wanachora mguu mmoja tu. Mguu mmoja, saa nzima! Mwalimu wao anazunguka anauliza.

Mwanangu akaniuliza, baba, watoto wa Lindi wanachora wapi?

Sikuwa na jibu na mpaka leo sina. Ndo maana nikiona watu wanabishana basi au darasani, naona swali moja tumeliruka. Vingine vya kufundishia havipo Dar wala Songea, vipo huku, na vitarudi lini hilo nalo liwe somo, mtoto alijue.

MTU WA IRINGA

Mimi nina jambo la tofauti na naomba nieleweke vizuri. Mnasema watoto wafundishwe kwa vitu. Sawa. Pale Kalenga kuna fuvu la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani. Mkataba wa Versailles wa 1919 uliwaagiza Wajerumani walirudishe, likarudi 1954, Gavana Twining wa Tanganyika alienda mwenyewe Bremen, Ujerumani, akalichagua kati ya mafuvu mengi kwa kulinganisha vipimo na vya ndugu zake. Nimewahi kusikia mwalimu anawaambia watoto mbele ya kioo, haya nani anaweza kuthibitisha kama ni lenyewe? Darasani labda ni swali zuri. Lakini pale ni kwa wenyewe. Huyo ni mzee wa watu, ana wajukuu wanaoishi jirani. Fuvu la mtu sio kifaa cha kufundishia kama chungu. Kama mmoja wenu babu yake angekuwa kwenye kioo angependa watoto mia wapite wanahesabu meno?

MWALIMU, KASULU

Hapo nakuunga mkono moja kwa moja. Ila historia ya lile fuvu isifichwe, maana mtoto akielewa kwa nini lilitajwa kwenye mkataba wa kumaliza vita kuu ya kwanza ya dunia ataelewa mambo mengi sana kwa mpigo.

DADA WA MOMBASA

Kwetu kwenye ngome ya Fort Jesus watoto wanaenda tangu shule ya msingi, na kila mtu anakumbuka mizinga kwa sababu alipanda juu akapigwa picha. Wareno waliianza 1593, Waomani wakaizingira karibu miaka mitatu mpaka wakaichukua 1698. Miaka mitatu watu wamo ndani ya kuta! Mimi nimeifahamu hiyo nikiwa mtu mzima. Laiti siku ile mwalimu angetukalisha mahali pamoja tu akatuuliza, mkifungiwa humu mtakunywa nini, ningeikumbuka ngome yote.

MLETA MADA

Wakuu nimesoma yote, asanteni. Naomba nijibu machache.

Ndugu wa Iringa umenirudisha nyuma na nakubali. Mimi mwenyewe nilishawahi kufikiria kulitumia swali hilohilo la fuvu, tena nililiona zuri. Silifanyi tena pale Kalenga. Nitachukua maneno ya mkataba na ramani ya safari ya 1954, hayo yanatosha kwa kipindi kizima na hayamvunjii mtu heshima.

Mzazi wa Songea nawe una hoja, pale kwenye kaburi lazima mtu asimame mwenyewe. Nafuta kauli ya kuacha mabasi kabisa. Nasema liende basi moja badala ya mawili, mahali pamoja badala ya vitu mia nne, na mtoto asiye na hela apande wa kwanza, kama hela haitoshi kwa wote basi lisiondoke. Hapo Kasulu tuko pamoja.

Ila mwalimu wa Kasulu kuhusu NECTA hatukubaliani. Wale watoto wa sarafu niliwapa swali hilohilo la sababu za vita vya Majimaji kwenye mtihani wa muhula. Waliandika kodi, wakaeleza na rupia tatu ni ngapi na kwa nini mtu anashindwa kuzipata. Huko nyuma walikuwa wanaandika kodi wanaweka nukta. Mimi nasahihisha hizo karatasi, najua tofauti ninayoiona. Na kuhusu kufika Kasulu, huko kwenu mko jirani na Ujiji, njia kuu ya misafara ya pembe na watumwa kutoka pwani ilifika hapo, usiniambie hakuna bibi mwenye ushanga wa zamani, au jembe la kufuliwa, au hata kitambulisho cha babu cha kazi za mkonge. Watu wangapi wa Kigoma walipelekwa manamba Tanga? Waambie watoto waulize nyumbani, watakuletea mpaka meza ijae. Wakiwa 118 ndo vizuri, vitu vitakuwa vingi.

Muongoza wageni, nakuomba radhi kwa niaba ya wote tuliokaa chini ya mwembe, na mimi nimo. Nitakupigia mapema, na nitakaa na watoto mpaka mwisho.

Kuhusu sarafu, nilimrudishia bibi jioni ileile. Nikamwambia mama, hii imefundisha watoto arobaini na sita leo. Akaigeuza geuza mkononi, akaniuliza kwani imeandikwa nini. Miaka yote anayo hajawahi kusomewa. Nikamsomea. Akanyamaza kidogo akasema, mkwe wangu aliniambia hii ndo iliyobaki walipomaliza kulipa. Sikumuuliza kulipa nini wala lini. Jumatatu ijayo amekubali kuja darasani mwenyewe, na watoto wameshaanza kuandika maswali.