Mrejesho: kasoro zimenasa voteksi kweli

Wakuu, niliuliza kwa nini utando wangu wa supakondakta ya matabaka (kitu kinachopitisha umeme bila ukinzani kikiwa baridi sana) unatoa volti ndani ya uga wa sumaku ilhali uko baridi vya kutosha. Mkanijibu: voteksi (vizingo vya mkondo ambamo uga wa sumaku hupenya utando) zinateleza, na kuteleza huko ndiko huleta volti; zitafutie kasoro za kuzinasa. Ahsanteni sana!

Nimelinganisha tando mbili za supakondakta yenye bismuthi, mmoja ukiwa umepigwa ayoni nzito (atomu nzito zenye chaji, ziendazo kasi). Humu voteksi si uzi mmoja, ni rundo la visahani, kimoja kila tabaka, vilivyoshikana kwa ulegevu. Njia ya ayoni, yaani kovu jembamba inaloacha, hupenya matabaka yote, ikavinasa kwa pamoja. Volti ilichelewa kutokea, waziwazi! Ila uga ulipopanda na voteksi kuzidi idadi ya njia, zilizokosa nafasi zikateleza tena. Sasa naongeza njia, kwa kiasi, maana zikizidi, joto la mpito (ambalo chini yake utando huwa supakondakta) hushuka.