Kupuliza puto la chingamu ya Big G si ukosefu wa malezi, acheni kupima watu kwa mtaa

Taya_la_Kondele:

Wadau, uzi huu naufungua nikiwa na hasira na sina haja ya kuificha. Kuna hukumu imeota mizizi hapa Kisumu, na Nakuru ni hiyo hiyo. Msichana akipuliza puto la chingamu stendi ya Kondele, basi ni wa mtaani, hakufunzwa na mamake, na wapo wasioona haya kumwita malaya. Makanga akipuliza, ni chokora aliyepewa kazi. Yaya akipuliza, anaamriwa atoe huo upuzi mdomoni kabla wageni hawajafika. Lakini mtoto wa Milimani, mtaa wa wenye nazo, akitoa puto lile lile dirishani mwa basi la shule, huo ni uchangamfu, anapigwa picha. Na Milimani tunazo mbili, ya Kisumu na ya Nakuru, kwa hivyo ujinga huu unao makao mawili.

Mtaniambia kwamba watu wenye heshima zao hawapulizi maputo. Hawapulizi kwa sababu hawawezi! Chingamu wanayotafuna haipuliziki.

Chingamu yoyote ina kinachoyeyuka mdomoni na kisichoyeyuka. Kisichoyeyuka ndicho mpira wenyewe. Zamani ulikuwa chikle, utomvu wa mti wa sapodila wa Meksiko na Guatemala. Siku hizi mwingi hutoka kiwandani: poliisobutileni, jamaa ya mpira wa butili unaotengenezewa tyubu za magurudumu, na polivinili asetati, ambayo pia ndiyo msingi wa gundi nyeupe ya seremala. Msishtuke, ya kutafuna hutengenezwa kwa kiwango cha chakula. Nimetaja tyubu kwa makusudi, kwa sababu kinachoiwezesha kushika upepo ndicho kinachowezesha puto kushika pumzi. Sasa, chingamu ya puto huwekewa mpira unaovutika zaidi, utande wake ukinyooka haukatiki. Ile ya minti isiyo na sukari, ya vidonge vidogo vyenye ganda gumu, inayopangwa karibu na keshia wa supamaketi, imetengenezwa kwa ajili ya harufu ya mdomo. Ivute kwa ulimi uone, inakatika. Huyo bwana mtulivu kwenye gari lake utulivu wake uko kwenye pakiti. Mpe vipande viwili vya Big G, baada ya dakika kumi ulimi wake utaanza kutafuta mlango kama wa mtu yeyote.

Kwa wale wanaodhani kupuliza hakuhitaji akili, kazi yenyewe ni hii. Tafuna kwanza mpaka utamu uishe. Dakika tano ni chache, kumi ndiyo salama. Sukari huwa zaidi ya nusu ya uzito wa kipande na haivutiki. Kila chembe iliyobaki ni tundu linalosubiri. Utajua iko tayari donge likipungua, likiwa laini bila kukwaruza ulimi, na mate yakirudi kuwa mate tu. Likusanye, lilaze nyuma ya meno ya mbele ya juu, ulikandamize kwa ulimi mpaka liwe kama kichapati, kingo nene na katikati nyembamba kidogo. Sukuma ncha ya ulimi hapo katikati, ipite kati ya meno ikiwa imevishwa chingamu. Bana kingo kwa midomo pande zote, rudisha ulimi taratibu, kisha puliza kutoka kifuani. Pumzi ya mashavu huja kwa kishindo halafu hukatika. Ya kifuani hutoka polepole, ina joto na unyevu, na joto ndilo linaloufanya mpira ubaki mlegevu.

Kipande kimoja kitakupa puto la kama ndimu. Viwili vinakaribia chungwa, vitatu vinaweza kufunika pua. Ukizidisha hapo taya huchoka na donge huwa zito, ulimi haulitandazi sawasawa. Mmarekani Chad Fell aliingia kwenye rekodi za Guinness tarehe 24 Aprili 2004, kule Alabama, kwa puto la sentimita 50.8 lililopulizwa bila kushikwa kwa mikono. Alitumia vipande vitatu tu vya Dubble Bubble. Wenzetu waliliandika kwenye rekodi. Hapa mngemwita mshamba.

Likipasuka katikati mapema, ulimi ulisukuma mno ukatoboa. Likichanika upande, kichapati hakikuwa sawa. Lisipotoka kabisa, sukari bado ipo au umeuziwa aina isiyo ya puto. Likisambaratika mdomoni kama makapi, umelichanganya na kitu chenye mafuta: njugu, chipsi, chokoleti. Mafuta huulainisha mpira mpaka ukaachana. Hali ya hewa nayo isipuuzwe. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi za Julai upepo wa baridi hukaza ngozi ya puto kabla halijakua, kwa hivyo puliza ukiwa ndani ya matatu, si stejini. Kisumu iko kama mita 1,130 na joto lake mnalijua: mpira hulegea upesi na puto huning'inia kidevuni. Meza funda moja la maji baridi, kisha jaribu tena.

Hivi ni nani kati ya wanaotukana anayejua hata nusu ya haya?

Tena wengi wanachanganya mambo mawili. Puto halina kelele mpaka lipasuke. Kinachowaudhi ni ule mlio wa ta! ta! ta!, na huo hautokani na kupuliza. Mtu hukunja chingamu kwa ulimi, akafungia hewa kidogo kwenye mkunjo, kisha akauponda kwa magego. Mlio huo mtu anaweza kuombwa aupunguze ofisini au kanisani kama anavyoombwa kupunguza sauti ya simu. Ni suala la kelele. Halihusiani na kodi ya nyumba anayolipa.

Hata hilo tusi la umalaya si jipya. Mtawa wa Kihispania Bernardino de Sahagún, aliyeandika habari za Waazteki wa Meksiko katika karne ya 16, anasema watoto na wasichana wasioolewa waliruhusiwa kutafuna chikle hadharani, wanawake wengine wakatafuna faraghani, na aliyetembea njiani akiitafuna kwa mlio alihesabiwa kahaba. Karne zaidi ya nne zimepita, na mtu wa mtaa wa kimaskini kama Nyalenda anapigwa na fimbo ile ile.

Chingamu ya puto ilizaliwa 1928 mikononi mwa Walter Diemer, mhasibu wa kampuni ya Fleer mjini Philadelphia. Wala hakuwa mkemia. Aliipaka waridi kwa sababu hiyo ndiyo rangi aliyoipata karibu, na waridi imebaki mpaka leo. Iliuzwa senti moja ya Marekani kwa kipande, na wachuuzi walifundishwa kupuliza ili wateja waone. Kwa hivyo kupuliza ndiyo matumizi yenyewe ya kitu hiki, kama filimbi ilivyo ya kupigwa. Mnampa mtoto filimbi halafu mnakasirika ikilia?

Alex Ferguson alitafuna mbele ya kamera hadi alipostaafu Manchester United mwaka 2013. Kumbi za mpira za Manyatta zilijaa, Milimani runinga ziliwaka, na mkamwita fundi wa mpira. Mdomo wa tajiri ukisonga, anawaza. Wa maskini ukisonga, hana adabu.

Kama mna uchungu na watu wa chini, haya ndiyo ya kulalamikia. Kwanza meno. Chingamu ya sarafu ni ya sukari, na sukari ikikaa mdomoni bakteria huigeuza asidi inayokula jino. Isiyo na sukari, ikitafunwa kama dakika ishirini baada ya chakula, huongeza mate na kusaidia kuosha asidi hiyo. Sasa angalieni ipi inauzwa kipande kimoja kimoja kwenye kibanda cha Obunga, na ipi inauzwa pakiti nzima. Anayeweza kumlipa daktari wa meno ndiye aliyewekewa ile nzuri. Pili chenji. Bei inaandikwa 98, unatoa 100, unasukumiwa chingamu kwa kuwa "sarafu hakuna". Jaribu kesho kulipia maziwa kwa hizo chingamu uone kama zitapokelewa. Mnamlazimisha mtu kununua Big G ambayo hakuitaka, halafu akiitafuna mnamcheka.

Kiti_cha_Nyuma:

Mwenye uzi, kuhusu dharau uko sawa kabisa. Ila umeruka uchafu, na sisi wa magari ya Nakuru–Kisumu ndio tunaokwangua. Chingamu iliyobandikwa chini ya kiti haiozi, ni mpira kama ulivyosema. Abiria wa shati jeupe akiikalia pale Kericho, kesi ni ya makanga.

Kwa wenzangu: msimwagie maji moto, inalegea na kuzama ndani ya kitambaa. Gandisha maji kwenye chupa, ikandamize juu ya chingamu dakika kumi mpaka kumi na tano, iwe ngumu hadi ivunjike kwa kucha. Kwangua kwa mgongo wa kisu, kuanzia pembeni kwenda katikati, sio kinyume. Utando unaobaki usugue kwa tone la mafuta ya kupikia, kisha sabuni ya unga upesi kabla mafuta hayajaacha doa. Kwenye kiti cha ngozi bandia tumia kadi ya plastiki, kisu kitachana.

Taya_la_Kondele:

Kiti cha Nyuma, hapo sina ubishi, na nashukuru umeleta ufundi badala ya matusi. Uchafu ni kosa, basi tulitaje kosa lenyewe. Singapore ilipiga marufuku uuzaji wa chingamu mwaka 1992, na sababu mojawapo ilikuwa kwamba watu walizibandika kwenye vitambuzi vya milango ya treni na milango ikakataa kufanya kazi. 2004 wakaruhusu zile za tiba. Sheria ile ni kali, lakini ilihusu chingamu na mahali inapotupwa. Pitisheni mkono chini ya meza za mikahawa ya bei ghali muone kama mtakuta pasafi. Karatasi iliyofungia kipande inatosha kukifungia kikiisha. Anayeitupa karatasi hiyo mapema ndiye atakayebandika, awe wa Kaptembwo kwa maskini au wa Section 58 kwa wenye nazo.

Na yuko mmoja atakuja na habari za wapishi. Ndiyo, anayepika au kupakua chakula asitafune, maana puto likipasuka hurusha mate. Mama wa chapati asitafune, na mpishi wa hoteli ya nyota tano asitafune. Yote mawili kwa pumzi moja.

Ngano_ya_Njoro:

Ndugu, umewasahau watoto ambao hata hiyo sarafu hawana. Huku kwetu chingamu hutoka shambani. Chukua ngano kavu mbichi, konzi ndogo ya mtoto, tia mdomoni kidogo kidogo, tafuna bila kumeza punje. Maji meupe ya wanga unayameza. Kama dakika kumi hivi linabaki donge la kijivu linalovutika. Hiyo ni gluteni, protini ya ngano, ile ile inayoshikilia unga wa chapati. Kanuni ni moja na yako: kinachoyeyuka kiondoke kwanza. Mahindi hayatoi kitu, hayana gluteni ya namna hiyo. Puto lake ni dogo, kama kunde, kwa sababu gluteni ikivutwa hutaka kurudi na huchanika.

Wazazi, hapa sikilizeni vizuri. Ngano ya mbegu hupakwa dawa ya kuzuia kuvu na wadudu, na hutiwa rangi, nyingi nyekundu au waridi, ili watu wajue si ya kula. Mtoto anaiona kama Big G. Msiache gunia la mbegu wazi msimu wa kupanda, na punje yenye rangi isiingie mdomoni hata ikioshwa.

MamaPacha_Nyalenda:

Taya, na ikishika nywele? Kila mtu ananiambia nikate.

Taya_la_Kondele:

Mama, weka makasi chini. Chukua mafuta ya kupikia au yale ya mgando ya kupaka, paka donge lenyewe na nywele zinazolizunguka, acha dakika tano. Mafuta yale yale yanayoharibu puto ndiyo yatakayokuokoa hapa. Likishalegea, livute kwa vidole kuelekea ncha za nywele, usivute kuelekea kichwani. Rudia mafuta palipobaki, chana kwa kitana chenye meno mapana, halafu osha kwa shampuu mara mbili. Kama ni nywele za kusuka za bandia, fumua huo msuko mmoja tu, mingine iache.

Iliyobaki usoni baada ya puto kupasuka ni rahisi zaidi: donge lile lile la mdomoni, ligonge gonge juu ya vipande. Chingamu huifuata chingamu.